Suruali ya Mkamburi

Ijumaa iliyopita Wawuda, binti wa marehemu mdogo wangu Mkamburi, aliingia uani kwangu hapa Voi amevaa suruali ya mamake. Nilikuwa namimina chai. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikatambaa mezani ikanidondokea magotini, na bado mkono wangu ulikuwa unamimina tu. "Nyanya, unaungua!" mjukuu wangu Mghoi akapiga kelele. Sikuungua. Ama niliungua, lakini si magotini. Suruali yenyewe ni ya khaki, ya kiume, ya mitumba, ina mifuko ubavuni kama ya askari wa mbuga, na pindo zake za chini zimeshonwa kwa uzi mweusi kwa sababu aliyeinunua alikuwa mfupi. Uzi ule naujua. Ulitoka kwenye kopo langu la biskuti ninamoweka sindano. "Shikamoo, Mama Mkubwa," Wawuda akasema, akajigeuza nimwone vizuri. "Imenitosha, si ndiyo? Nimeona nisiende mchangani na leso, itanaswa kwa gurudumu." Nikaitikia marahaba, nikainama kufuta meza. Nilifuta mpaka Mghoi akanipokonya kitambaa.

Watu husema mtu hufinyangwa akiwa mdogo, udongo ukiwa bado mbichi. Mimi nilifinyangwa nikiwa na miaka sitini na tisa, magego yamekwisha, mwaka ule familia yangu ilipopanga kwenda kulala kwenye mahema huko Mambrui, mbele ya Malindi, kwenye vilima vya mchanga, na kukodi zile pikipiki za magurudumu manne ambazo wenyewe wanaziita kwadi. Wajukuu wangu nimewasimulia mengi. Nimewasimulia vile niliachia shule darasa la tatu kule Mwanda, na vile nilikaanga mandazi kando ya steji miaka mingi mpaka nikajenga nyumba hii ya mawe, ambayo hakuna mwanamume aliyeniwekea hata tofali. Hizo ni habari za kujisifu, na mimi najisifu, kwani nani atanisifu nikinyamaza? Habari ya mwaka ule sikuwahi kumsimulia mtu. Haina sifa ndani yake.

Mambo yalianza Pasaka. Tulikuwa wote sebuleni kwangu, viti havitoshi, wengine wamekaa kwa mkeka, sufuria ya kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharagwe, katikati na sahani ya samaki wa kukaanga inazunguka. Mwanangu Mwakio alikuwepo na mkewe Mwende, Mkamba wa Kibwezi, mwanamke wa mipango. Akija kukusalimia anakuja na orodha. Mkamburi alikuwa ameshuka kutoka Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, alikoolewa na akafundisha watoto wa chekechea mpaka akastaafu. Mwende akanawa mikono, akatangaza kwamba Disemba hii hatutakaa nyumbani kutazamana. Tutaenda kupiga kambi. Mghoi akatoa simu, akatuonyesha video: mchanga mwingi, mweupe, umepangika kama mgongo wa ngamia, na kijana amekalia dude linanguruma, linapanda, linapanda, linafika juu, linaruka. "Wueh!" Mghoi akasema. "Nyanya, hiyo ni noma!" Mimi nilisema Mungu apishe mbali. Mkamburi alitoa miwani kifuani, akaivaa, akaomba video irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Halafu akavua miwani akasema taratibu, kama mtu anayeagiza chai, "Hii mimi napanda."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. "Utapandia nini?" nikamwuliza. "Na hilo goti lako?"

"Dada, goti ni la kutembelea," akanijibu. "Hii si unakaa?"

Wakacheka tena, na Mghoi akamkumbatia shingoni, "Nyanya Mkamburi ndiye mkubwa wao!" Mimi pia nilicheka. Lakini nilicheka kwa meno ya mbele. Niseme ukweli: katika nyumba ile mkubwa wao nilikuwa mimi. Kichekesho kikitoka, kilitoka kwangu. Mgeni akija, alinitazama mimi kwanza. Mkamburi alikuwa mtu wa kukaa pembeni akitabasamu, mwenye sauti ya watoto wa chekechea, na mimi nilimpenda akiwa pale pembeni. Nilipoona watoto wamemzunguka, kila mmoja anataka kuwa nyuma yake kwenye hilo dude, nikainuka nikaenda jikoni kusugua sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula.

Miezi ikaenda. Mwende akaandika, akapiga simu, akaulizia mahema, akapata mawili ya kuazima kwa mwenzake wa kazini. Kila wakija kwangu walikuja na jambo jipya: jiko dogo la gesi, tochi za kuvaa kichwani, magodoro ya kupuliza. Mkamburi alipewa kazi ya kuandika kila kitu kwenye daftari kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, ule mwandiko wa ubaoni wa mviringo. Alikuwa akikaa pale kwenye kiti changu cha karibu na dirisha, miwani puani, anauliza, "Chumvi nani anabeba? Kiberiti? Mkiweka kiberiti sehemu moja na maji mtajua hamjui." Nami napita na chai. Hakuna aliyenikosea. Hilo ndilo linalonitesa nikikumbuka leo. Nimetafuta katika mwaka mzima ule, nimetafuta kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe, nipate neno moja baya ambalo Mkamburi aliniambia, na sijalipata.

Mwezi wa nane zikaja fomu. Wale wenye kwadi walituma karatasi kwa simu, Mwende akazichapisha pale mjini, akazigawa mezani kama karatasi za mtihani. Kila mtu ajaze yake na kuweka sahihi kwa mkono wake mwenyewe, hata asiyepanda. Ilikuwa adhuhuri, joto la Voi lile la kubandua rangi, mlango uko wazi, na jirani yangu Mama Zighe amekaa pale kizingitini na bakuli la kunde anazichambua. Nikaishika karatasi. Mimi jina langu nalijua kuliandika, na namba nazijua kuliko mwalimu, maana nimeuza mandazi. Lakini ile karatasi ilikuwa imejaa Kiingereza kama siafu. Nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Nikasema miwani yangu imepotea. Kila mtu nyumbani anajua sina miwani.

Mkamburi akanyoosha mkono. "Lete Dada, nikusomee." Alisema kwa sauti ya chini. Lakini sebule ile ni ndogo. Nikamwona Mama Zighe ameinua uso kutoka kwenye kunde.

"Soma," nikasema, maana ningesema nini?

Akasoma, akifasiri kwa Kiswahili. Je, una ugonjwa wa moyo? Hapana. Je, umewahi kuvunjika mgongo? Hapana. "Je, una mimba?" Akanitazama juu ya miwani. "Dada, jibu, wanataka kujua."

Nyumba nzima ikaanguka. Mwakio alicheka mpaka akakohoa. Mama Zighe alimwaga kunde. Mkamburi mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso, na akaigeuza ya kwake akaonyesha, "Hata mimi wameniuliza! Ona! Nimeandika 'bado'." Kicheko kile kilikuwa cha ile karatasi. Leo nakijua, na siku ile pia nilikijua. Lakini mimi nilichukua kicheko kile nikakikata, nikakishona, nikakivaa: nikasema wananicheka mimi, mzee asiyejua kusoma, tena mbele ya Mama Zighe, na aliyewachekesha ni mdogo wangu ambaye mimi niliacha shule ili yeye asome. Nikasukuma karatasi. "Mimi sipandi takataka," nikasema.

Mwende, maskini, akajaribu kuziba shimo. "Hapana shida, Mama. Kuna kazi nyingi kule. Wewe utakuwa mlinzi wetu wa hema, na utupikie zile chapati zako."

Kulinda hema. Kama mbwa. Sikusema, lakini nililimeza neno lile zimazima na likakaa hapa, chini kidogo ya koo, na nikaanza kulilisha. Nililiamsha asubuhi nikikoroga uji, nikalilaza jioni. Septemba Mwende alikuja kujaribu hema uani kwangu. Wakalisimamisha kati ya kamba ya nguo na mti wa mpapai, la buluu, na Mkamburi akaingia ndani na watoto, wakafunga zipu. Nilikuwa naanika nguo. Nikawasikia humo ndani kama kuku kwenye tenga, wanacheka. Mghoi akasema, "Nyanya Mkamburi, na Nyanya je? Atalala na nani?" Na Mkamburi akajibu, "Na mimi. Dada anakoroma lakini nimemzoea tangu Mwanda. Tulilala ngozi moja." Maneno matamu namna hiyo, nami nilisikia nini? Nilisikia "anakoroma".

Sasa lazima niseme kitu kimoja kwa mtu asiye wa huku kwetu. Sisi Wadawida, hao mnaowaita Wataita, hasira ya mkubwa inaogopwa kuliko simba. Si lazima uitamke. Ukiiweka tu moyoni, ikakaa, inatoka yenyewe kwenda kumtafuta mtu wako njiani. Kwa hiyo kabla ya jambo zito, safari au ndoa au kesi, mkubwa wa nyumba anaweka funda la maji mdomoni, au maji ya miwa, anayapuliza nje kwa nguvu, na anasema mbele ya watu: kama nina hasira na huyu, itoke na maji haya, aende salama, arudi salama. Hiyo ndiyo kutasa. Na huwezi kutasa kwa uongo. Kama una jambo, unalitaja kwanza kwa mdomo wako, wote wasikie, ndipo unapuliza. Ukipuliza umelificha ndani, ni heri ungenyamaza. Kanisani tunaambiwa mambo haya tuyaache, na hadharani tumeyaacha. Lakini Mwakio alipopata kazi ya lori nilimtasia nyuma ya choo kwa maji ya bomba. Mghoi alipokwenda kufanya mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi, nilimtasia vilevile. Mara zote mbili Mkamburi alikuwepo. Yeye ndiye aliyenishikia kikombe.

Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Mkamburi akafika kutoka Makwasinyi na kiondo na fungu la miwa begani, anachechemea, uso umejaa vumbi na furaha. Akanywa maji, akauliza sindano iko wapi. Nikamwonyesha kopo. Akatoa kwenye kiondo suruali ya khaki. "Dada, usiniambie mchungaji," akasema. Hakuwa amevaa suruali maisha yake yote, mke wa mzee wa kanisa, mwalimu wa watoto. Aliichagua sokoni siku tatu, alisema, kwa sababu ya mifuko: huu wa miwani, huu wa dawa ya goti, huu wa peremende za watoto. Akaivaa juu ya gauni, akasimama katikati ya sebule, miguu ya suruali inafagia sakafu. "Nimependeza ama nimekuwa askari wa mbuga?" Nikasema, "Umekuwa mwanamume." Akacheka sana. Akaivua, akakaa pale dirishani kwenye kiti changu, akapinda na kushona pindo moja, kisha la pili, kwa mishono midogo midogo, huku anaimba kwa pua wimbo wa kuhesabu wa chekechea. Nilikuwa nimekaa mbele yake nachambua mchele. Nilimtazama akikata uzi kwa meno. Nilijua kitu ambacho angefanya baada ya hapo, na nilikuwa nimejitayarisha, kama mtu anayemngoja nyoka na fimbo mlangoni.

Alikunja suruali. Akaenda jikoni, nikasikia anamenya muwa, anautwanga, anakamua. Akarudi na kikombe cha bati, maji ya miwa yana povu juu. Akapiga goti lile lake baya mbele ya kiti changu, mwanamke wa miaka sitini na sita, na akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. "Dada," akasema, "nimekuja unitasie. Naogopa kidogo lile dude. Lakini ukinitasia sitaogopa."

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kusema, Mkamburi, nina hasira na wewe kwa sababu unajua kusoma. Ningeweza kusema, nina hasira kwa sababu watoto wanakupenda. Neno lingetoka, lingesikika la kipumbavu kama lilivyo, angenicheka, ningecheka, ningepuliza, kwisha. Badala yake nikajinyoosha kitini, nikaweka sauti ya kanisani. "Mimi nimeokoka, Mkamburi. Mambo hayo nimeachana nayo. Kama ni maombi, nenda kwa mchungaji."

Hakuinuka mara moja. Alinitazama. Ana macho, alikuwa na macho ya mtu aliyezoea watoto wanaomwambia sikuchukua chaki na chaki iko mdomoni. Akangoja, nadhani alihesabu mpaka kumi kama walivyokuwa wakihesabu darasani. Halafu akasema, "Sawa, Dada." Akashika mkono wa kiti akajiinua, goti likalia. Kikombe akakiweka dirishani. Jioni nilikikuta pale, nzi wawili wameelea juu.

Jumamosi asubuhi gari lilipopakiwa, akatoka na leso yake ya kila siku. "Goti limekataa," akamwambia Mwende. "Limevimba. Nendeni tu, mimi nitakaa na Dada." Watoto wakalia. Mghoi akasema, "Aki Nyanya Mkamburi, si utakuwa umekaa tu? Si ulisema goti ni la kutembelea?" Akambembeleza, akampa zile peremende zote kutoka kwenye kiondo. Mimi nikasema, haya basi, na mimi nitabaki na mwenzangu, siwezi kumwacha mgonjwa. Kila mtu akaniona mtu mwema. Mwakio akaniambia, "Mungu akubariki, Mama." Wakaondoka, na hakuna kilichowapata kule, siku tatu, hata mwiba.

Siku tatu tukakaa sisi wawili katika nyumba hii. Ningependa kusema alininunia. Hakuninunia. Alinipikia uji wa wimbi. Alinisuka nywele hizi chache. Tulikula kimanga kwenye sahani moja, na kila kipande cha samaki kizuri alikisogeza upande wangu, kama mdogo anavyomfanyia mkubwa. Goti halikuwa limevimba. Lilikuwa vile lilivyo siku zote. Siku ya pili Mghoi alipiga simu ya video, upepo unavuma, mchanga unapita kwenye kioo cha simu, kwadi mbili nyekundu nyuma yake. Mkamburi akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza usoni mpaka pua ikagusa. "Panda nikuone! Panda!" Mghoi akampa mtu simu, akapanda. Mkamburi alikuwa anainama kushoto, anainama kulia, pale kitini, anaendesha. Simu ilipokatika akairudisha mezani polepole. "Basi," akasema. "Si tumeona?"

Siku ya tatu mchana tulikuwa jikoni. Nilikuwa nakoroga maharagwe, yeye amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakukuwa na sauti ila ya mwiko. Akasema, bila kunitazama, "Dada, kuna kitu unataka kuniambia?"

Neno lilikuja. Naapa lilikuja mpaka kwenye ulimi, nililionja. Nikasema, "Chumvi imepungua."

Akainuka akaniletea chumvi.

Wakarudi wakiwa wekundu kama matofali, mchanga masikioni, na Mkamburi akarudi Makwasinyi na kiondo chake. Mvua ya masika ilipokuja, kabla hata mahindi hayajafika magotini, alianguka jikoni kwake akichochea moto, na hakuamka. Nilikwenda. Nililia kuliko wote, mpaka wanawake wa Makwasinyi wakaambiana, tazameni dada alivyompenda. Hilo pia nililimeza. Wakati wa kugawa nguo, Wawuda aliifunua suruali, bado ina mkunjo uleule aliouweka kitini kwangu. Akauliza mamake aliinunua ya nini. Nikasema sijui.

Hii ni miaka mitatu. Mwaka huu Mwende amepanga tena, mahema yaleyale, mahali palepale, na ndiyo maana Wawuda alikuja Ijumaa. Walilala kwangu wote. Asubuhi gari lilikuwa tayari, na Mwende akanijia pembeni, anaminya vidole. "Mama, najua umeokoka, Wawuda ameniambia mwaka ule ulikataa, sitaki kukusumbua. Lakini Wawuda anasema hatoki hapa bila kutasiwa." Nikageuka. Wawuda amesimama uani na kikombe cha bati, amevaa suruali. "Mama Mkubwa," akaita, kwa mzaha, "utanitasia ama bado umeokoka?" Wakacheka. Mama Zighe alikuwa ugani na ungo wake, hakosekani yule.

Nikakichukua kikombe. Nikawaambia wanyamaze. Na nikasema, mbele ya mwanangu, mbele ya mkaza mwanangu, mbele ya wajukuu na Mama Zighe, kwa sauti ninayoitia wateja wa mandazi, kwa sababu ningepunguza sauti ningeacha: "Sikuokoka siku ile. Nilikuwa na hasira. Mkamburi aliniomba nimtasie, alipiga goti na lile goti lake, nami nikamfichia hasira nyuma ya kanisa. Nilimwonea wivu kwa kusoma. Niliwaonea wivu kwa kumpenda. Goti halikuvimba. Ni mimi niliyemzuia. Suruali hii naijua tangu siku ya kwanza, nilimpa uzi."

Hakuna aliyecheka. Mwakio alitazama viatu vyake. Mghoi, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, aliniangalia kama mtu anayeangalia nyumba aliyoishi na kuona leo ufa wake. Sikuwalaumu. Nikajaza funda la maji mdomoni, haraka.

Ndipo Wawuda aliposema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali awe nayo. "Mama alijua," akasema. "Alituambia aliporudi nyumbani. Alisema, 'Dada hajaokoka kiasi hicho. Ana hasira na mimi, na hasira ya Dada siwezi kuivuka. Lakini tumngoje. Atakuja mwenyewe.'" Akavuta pumzi. "Kila gari likisimama barabarani pale Makwasinyi, alitoka nje kuangalia."

Nilikuwa na maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hajibu. Nikapuliza kwa nguvu niliyobakiza, yakamwangukia Wawuda kifuani, yakaangukia ile khaki, yakamfikia mjukuu mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, akajifuta uso, "Nyanya amenitemea!" Hapo wakapata kisa cha kucheka, wakacheka, wakaingia garini. Mimi pia niliingia, nikakaa nyuma kabisa na hema mapajani, maana kazi ya kulinda hema safari hii niliiomba mwenyewe. Mpaka Mariakani sikusema neno. Walidhani naomba Mungu. Sikuwa naomba. Maji yale hayakutoka yote. Nusu niliyapuliza. Nusu niliyameza Wawuda aliposema "tumngoje", na hayajashuka mpaka leo.